Mkono Mwepesi

Usianze na mkono. Anza na swichi.
Zima, chomoa waya, kisha keti.
Mashine ikipoa, kioo kikiwa cheusi,
ndipo uchafu hujitaja wenyewe:
ukungu wa chumvi ulioingia dirishani usiku,
vumbi la matumbawe, jirani anabomoa ukuta,
na hizi alama tano, pale juu kulia,
ni za Bi Shamsa wa Gadeni, aliyemshika mjukuu shavu,
mjukuu yuko Maskati,
na shavu lilikuwa la kioo.

Mimi sikuzaliwa na adabu hii.
Monita ya kwanza ilikuwa ya mkopo
na baba yangu, Lali wa Omari,
aliyesugua shaba miaka arobaini hapa Langoni,
sinia, midila, misumari ya milango ya watu wakubwa,
aliiona imefifia, nami nimetoka kununua wino.
Akaihurumia.
Akaleta ndimu, jivu, kipande cha gunia,
akasugua alivyosugua umri wake wote:
kwa duara, kwa nguvu, akipumulia puani.

Niliporudi alikuwa amekunja uso.
"Ni shaba gani hini isoyua ndimu?"

Ningejibu nini?
Ngozi ya kioo ilikuwa imechubuka,
na pale kidole gumba kilipokaza
palibaki baka jeupe, dogo kama punje ya mchele.
Lipo hata leo. Likiangukia katikati ya barua ya mtu
mwenye barua hudhani nimekosea kuchapa,
nami humwacha adhani.

Basi sikia, Twaha, wewe uliyeanza jana.
Kitambaa kiwe hiki cha kufutia miwani,
kilichofuliwa peke yake, kikaanikwa ndani.
Si karatasi ya chooni; ile ni mti bado, ina meno.
Si shati lako, hata likiwa la Idi.
Futa kikavu kwanza.
Mara nyingi kazi huishia hapo,
na wengi hawaamini, ndiyo maana wanaharibu.

Yakigoma mafuta ya mahamri, tia maji,
lakini si ya bomba: haya yetu yana chumvi yake,
yakikauka huandika michirizi mipya juu ya ya kale.
Chukua yale ya mvuke, ya chupa, kutoka duka la dawa.
Ukipenda, na siki nyeupe, nusu kwa nusu.
Spiriti, hapana.
Ile dawa ya buluu ya madirisha, hapana,
hata harufu yake isivuke kizingiti.
Na lowesha kitambaa, usiloweshe kioo.
Tone moja likiteremka likapenya ukingoni
litakaa humo kimya kama siri ya ndoa,
siku ya kuwasha litasema yote.

Sasa pitisha. Juu kwenda chini, usirudi ulikotoka,
kama unamfuta mtoto aliyelala
mdomo wenye halua.
Ukiona kinabonyea, umezidi.

Baba huja baada ya alasiri.
Tumempa kazi: anashika monita kwa nyuma isiyumbe,
ile mikono yake miwili, migumu kama makoleo,
imetulia, haisugui kitu.
Haoni ninachofanya. Anatega sikio.
"Mbona sisikii? Ndio kusafisha huku?"
Ndio, baba.
"Haya," anasema, na hashawishiki.

Usiwashe bado. Acha ikauke, nenda kanywe kahawa.

Alhamisi atakuja Bi Shamsa
na viganja vyake vyenye mafuta ya nazi.
Mwekee kiti mbali kidogo na kioo.
La. Ngoja.
Mwekee karibu.
Kitambaa si kipo?